Utulivu wa kisiwani ni wangu, safari ni ya mke wangu

Ndugu Mshauri,

Ninakuandikia kutoka Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria, ambako nimefundisha shule ya msingi kwa miaka 21. Nina umri wa miaka 47, nina mke na watoto wawili, na ninaishi katika shamba la urithi nililoachiwa na marehemu baba, nje kidogo ya mji wa Nansio, pamoja na mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 78. Jambo linaloninyima usingizi linaweza kuonekana dogo kwa mtu wa bara, lakini limekwisha kuingia ndani ya ndoa yangu, na sasa nina muda mfupi wa kuamua.

Kutoka hapa hadi Mwanza, jiji la pili kwa ukubwa nchini, ni safari ya meli ya saa tatu na zaidi kidogo. Anayeogopa maji anaweza kuzunguka kwa basi kupitia Bunda hadi Kisorya, kisha akavuka kwa kivuko hadi Rugezi, ingawa huyo naye anakuwa ameyapunguza maji tu, hajayakwepa. Tuko karibu na jiji kiasi cha kuuza na kununua huko kila siku, na tuko mbali kiasi kwamba giza likiingia tunabaki sisi wenyewe kwa wenyewe. Mimi maisha hayo ndiyo niliyoyapenda tangu utoto. Natoka shuleni kwa miguu nikisalimiana na watu ambao nawajua mpaka babu zao. Jioni nakaa na mama chini ya mchungwa aliouotesha baba, na katika siku za giza, mwezi usipokuwapo, tunawasikia wavuvi wa dagaa wakisemezana majini kabla hata hatujaziona taa zao. Ukiniuliza utajiri wangu ni nini, nitakutajia saa hiyo moja.

Mke wangu hakukulia hapa; ni mtu wa Magu, aliyenifuata kisiwani tulipooana. Mwaka 2021 alianza kununua machungwa kwa majirani na kuyapeleka Mwanza kwa meli, magunia matatu ya mwanzo akiwa ameyapata kwa mkopo wa kikundi. Mungu akambariki. Leo ana fremu yake jijini, na nasema bila kuona haya kwamba fedha ya machungwa ndiyo iliyoezeka upya nyumba yetu na ndiyo inayomsomesha binti yetu, ambaye tangu Januari mwaka jana anasoma sekondari Mwanza na kukaa na mama yake katika vyumba viwili vya kupanga huko Igoma. Jumatatu mke wangu anavuka kwenda, Ijumaa anavuka kurudi, na mwisho wa juma binti yetu analala kwa shangazi yake. Kijana wetu wa darasa la nne yuko na mimi na bibi yake.

Tumejiwekea desturi. Akiingia melini ananiandikia neno moja kwenye simu, "Nimepanda", na akishuka ananiandikia lingine, "Nimefika". Kati ya maneno hayo mawili mtandao hupotea, nami hufundisha, husahihisha madaftari na kula chakula changu cha mchana huku simu iko mkononi, hata wanafunzi wamekwisha kunizoea.

Ijumaa moja ya mwezi Julai, kipindi ambacho upepo huwa mkali, nilipata "Nimepanda" mchana na baada ya hapo sikupata kitu. Saa kumi na mbili jioni nilikwenda gatini na kijana wangu kumpokea mama yake. Saa mbili usiku tukaambiwa kwamba injini ya meli imesumbua katikati ya ziwa. Saa nne mtoto alikuwa amelala juu ya viroba vitupu, nami nimemfunika koti langu, na wanawake waliokuwa wanangoja waume zao walikuwa wameacha kuzungumza. Ilipokaribia saa sita ndipo tulipoiona taa. Mke wangu alishuka na furushi kichwani, kitenge chake kimelowa hadi magotini, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Mtoto amekula?" Hakulalamika. Ila tulipokuwa tunapanda njia ya nyumbani, mtoto nimembeba mgongoni, aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wewe unaishi kisiwani. Mimi naishi melini." Ndugu Mshauri, sijapata jibu la maneno hayo mpaka leo.

Sisi watu wa ziwa hatuna haja ya kuelezwa maji ni nini. Nilikuwa kijana wakati MV Bukoba ilipozama mwezi Mei 1996, na tarehe 20 Septemba 2018 nilikuwa darasani habari zilipokuja kwamba kivuko cha MV Nyerere kimepinduka kikiwa karibu kabisa kutia nanga Ukara, kisiwa jirani yetu. Walikufa watu zaidi ya 220. Nilikwenda Bwisya, huko huko Ukara, kwenye maziko, na yale majeneza yaliyopangwa kwa safu sitaki kuyaeleza zaidi hapa. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi, linalovuka Ghuba ya Mwanza katika ziwa hili hili, lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, majirani zangu wamekuwa wakiulizana ni lini na sisi tutaunganishwa kati ya Rugezi na Kisorya. Nakiri kwamba daraja hilo nalitamani kwa ajili ya mke wangu, na nikibaki peke yangu naliogopa, kwa sababu najua likija halitaniachia ile saa yangu ya jioni. Mtu anayeogopa kitu ambacho kingemwokoa mkewe ana tatizo, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Usidhani kwamba sijajaribu kuishi jijini. Likizo ya Desemba nilikaa Igoma wiki mbili. Usiku muziki wa baa ya jirani ulipitiliza hadi alfajiri, honi za daladala zikaupokea, na asubuhi nilipowasalimu watu kwenye korido, wengine walinitazama kana kwamba ninadai kitu. Hata hivyo, nimewahi kuwakemea wanafunzi kwa kueleza nusu ya habari, kwa hiyo lazima niongeze kwamba binti yangu alikuwa amebadilika kwa namna iliyonifurahisha. Alinionyesha daftari lake la fizikia, akanieleza saketi ya umeme aliyoiunganisha kwa mikono yake mwenyewe, na mara mbili alinisahihisha. Mdogo wake naye siku ya kuondoka alilia. Mke wangu alirudi kutoka dukani saa moja jioni akiwa mchangamfu, hana begi la safari wala wasiwasi wa upepo, na nikagundua kwamba ilikuwa imepita miaka tangu nimwone akila chakula cha usiku polepole.

Sasa imejitokeza nafasi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ya Ilemela, ambaye kwao ni huku kisiwani na mama yake anaugua, anatafuta mtu wa kubadilishana naye kituo cha kazi. Amenitumia fomu, anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi huu ili maombi yetu yapelekwe kwa wakurugenzi wa pande zote mbili. Nafasi kama hii wenzangu wengine wameitafuta kwa miaka bila kuipata.

Kikwazo kikubwa ni mama. Nilipomgusia kuhama, aliendelea kutandaza udaga, yaani mihogo ya kukausha, juani kama hakusikia, kisha akasema, "Baba, mimi sina safari tena. Iliyobaki ni ile ya pale," akaonyesha kwa kidole kaburi la marehemu baba. Dada yangu ameolewa Ilangala na yuko tayari kuja kumwangalia mara kwa mara, lakini kuja kumwangalia hakulingani na kulala nyumba moja naye. Shamba pia lina mambo yake. Ardhi huku ni finyu, watu ni wengi, na mdogo wangu ameshaniuliza, kwa adabu, kama nikiondoka sehemu yangu ataipalilia nani.

Naomba unishauri kwa uwazi, na usinionee huruma. Je, ni haki mwanamume kubaki anapopapenda, akiwa na mama mzee kama sababu ya kweli, wakati gharama ya kupenda kwake inalipwa na mkewe mara mbili kila wiki juu ya maji? Au ni haki kumwacha mzazi wa miaka 78 ili niondoe safari ambayo mke wangu mwenyewe hajawahi kuniomba waziwazi niiondoe? Wapo wanaoniambia nimwombe aache biashara na kurudi, lakini hilo nimelikataa moyoni kabla hata ya kukuandikia, kwa kuwa kazi ile ni jasho lake na heshima yake.

Lipo na jambo moja ambalo nimelichelewesha hadi mwisho kwa sababu linaniaibisha. Mke wangu hajui habari za nafasi hii. Ninaogopa kwamba nikimwambia atafurahi, na nikishaiona furaha yake sitaweza tena kusema hapana, ilhali mama amekaa pale mlangoni. Niambie nianzie wapi, kwa mama au kwa mke, na niseme nini kwanza. Fomu nimeiweka ndani ya daftari langu la maandalio ya masomo, na mama watoto anavuka Ijumaa.

Wako katika kusubiri,
Mwalimu, Ukerewe