Mzazi, angalia mtoto kabla ya kuangalia umri

Mhariri, naomba kanafasi niongee na wazazi tunaofundisha watoto nyumbani. Jamani, kitabu kuandikwa miaka 6 haimaanishi wa kwako wa miaka 6 lazima akiweze leo, wengine vidole bado havijakaza, penseli anaishika kwa ngumi nzima na kukandamiza mpaka karatasi inachanika, sasa huyo mwandiko wa nini? Mpe udongo afinyange, akate karatasi kwa mkasi, afunge vifungo mwenyewe. Na huyohuyo unakuta hesabu anajumlisha kichwani fasta kumpita kaka yake, basi hesabu msogeze mbele, kuandika msubiri. Kusubiri si kosa, hata kule Finland, Ulaya, watoto darasa la kwanza wanaanza mwaka wanaotimiza miaka 7. Ila ukiona herufi hazimkai kabisa muda mrefu, kampime macho na masikio, usingoje tu.