Laertes hastahili kupitiwa juu juu

Mhariri,

Wanaochambua Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, humtaja Laertes, kijana ambaye baba yake aliuawa na Hamlet, kwa haraka mno, na kwa kweli wanampunja. Yeye na mwanamfalme Hamlet wote wawili wameuliwa baba; lakini Laertes, mara anaporejea kutoka Ufaransa, anavunja milango ya ikulu akiwa na umati nyuma yake, kisha anaapa kumkata Hamlet koo hata kanisani, ilhali Hamlet, alipomkuta Claudius, mfalme aliyemuulia baba, amepiga magoti akisali, aliurudisha upanga alani kwa kuchelea kumpeleka peponi. Pupa hiyo ndiyo inayompa Claudius nafasi ya kumtumia Laertes, hadi kijana mwenyewe anajitolea kuupaka upanga wake sumu. Nawaomba walimu wa fasihi wayafundishe matukio hayo mawili kwa pamoja, kwa sababu kusita kwa Hamlet hakueleweki vizuri bila Laertes.

Msomaji wako,
Morogoro