Vishikwambi vya shule vinafia kabatini

Mhariri,

Serikali ilipoanza kugawa vishikwambi katika shule za msingi za umma mwaka 2016, pamoja na vipakatalishi vya walimu, projekta na seva ndogo (kompyuta inayohifadhi masomo) yenye ruta, hofu ya wengi ilikuwa kwamba watoto wangeviharibu. Sisi tunaovitengeneza na kufundishia navyo hapa Mombasa tunashuhudia jambo jingine. Mtoto huvunja kioo kimojakimoja. Kabati lililofungwa muhula mzima huua kasha zima.

Kinachoua ni betri. Betri ya lithiamu haistahimili kukaa tupu, wala haipendi joto. Kishikwambi hata kikizimwa huendelea kula chaji kidogo kidogo. Kikifungiwa Novemba kikiwa na asilimia 5, shule zikifunguliwa Januari huenda betri imeshuka hadi chaja haiwezi tena kuiamsha. Walimu wengine, kwa nia njema, hukijaza asilimia 100 kisha wakakitia katika kabati la chuma lililoegemea ukuta unaopigwa na jua la kaskazi. Hapo betri huzeeka upesi, na nyingine hufura. Utaijua kwa kukilaza kifaa juu ya meza: kinayumba, na kioo kimeanza kuachana na fremu upande mmoja. Kifaa hicho kisichajiwe tena na betri isitobolewe. Kitiwe ndani ya ndoo ya mchanga mkavu, nje ya jengo, hadi fundi afike.

Kabla ya likizo, basi, viachwe kwenye asilimia 50 au 60, vizimwe kabisa, vikae katika chumba chenye kivuli. Kila baada ya wiki nne mtu avikague na kuvirudisha kiwango hicho.

Tunaambiwa stima ni ghali. Tupige hesabu. Betri ya miliampea-saa 5,000 kwa volti 3.7 hubeba kama wati-saa 18.5. Vifaa 40 ni wati-saa 740, na ukijumlisha umeme unaopotea kwenye chaja, unakaribia yuniti moja ya tokeni, yaani wati-saa 1,000. Yuniti moja kwa darasa zima! Hatari iko kwenye ekstensheni za bei rahisi zilizochomekwa moja juu ya nyingine hadi soketi zinalegea na kutoa cheche. Vichajiwe kumi kumi, kwa ekstensheni moja yenye waya mnene, na mtu mzima awepo.

Adui wa pili ni hewa yetu ya bahari. Chunguza tundu la chaji la kifaa kilicholala miezi mitatu Likoni au Nyali, utakuta utando wa kijani juu ya pini ndogo za shaba. Mswaki mkavu laini na tone la spiriti huuondoa, kifaa kikiwa kimezimwa. Halafu kiwekwe katika kasha la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Mchele hausaidii, huacha vumbi la wanga ndani ya matundu.

Seva nayo huharibika stima inapopotea ghafla ikiwa bado inaandika faili. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya kuipa dakika za kuzimwa kwa utaratibu ni rahisi kuliko kuyapakia upya masomo yote. Projekta isichomolewe kabla feni haijasimama. Na ukuta wa rangi ya mafuta unaong'aa hufuta picha. Upakwe rangi nyeupe isiyong'aa, ama kitundikwe kitambaa cheupe.

Darasani, muda ndio hupotea. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Vifaa vikigawanywa bila nambari na kuwashwa mbele ya watoto, robo ya kipindi imekwenda. Kila kifaa kipewe nambari, kila dawati lijue nambari yake, na viwashwe kabla kengele haijalia. Watoto wawili kwa kifaa kimoja wanatosha: mmoja ashike, mwenzake asome, kisha wabadilishane.

Wala intaneti si lazima. Kazi yenye faida kubwa tunayoijua hutumia kinasa sauti tu. Mtoto wa Gredi ya 3 husoma aya fupi huku akijirekodi, kisha hujisikiliza akifuata maandishi kwa kidole. Aliyetamka "zahabu" mahali palipoandikwa "dhahabu" hulisikia kosa mwenyewe, akarudia, na mwalimu hajamkatiza wala kumwaibisha mbele ya wenzake. Darasa la watoto 50 lina mwangwi, kwa hiyo watolewe sita sita chini ya mwarobaini, wengine wakiendelea na daftari. Rekodi ya Februari ihifadhiwe; mzazi akiisikiliza pamoja na ya Julai ataelewa mengi kuliko anavyoelewa kwa alama.

Tunaziomba bodi za shule ziandike waziwazi kwamba mwalimu hatalipishwa kifaa kilichoharibika kikitumika somoni. Mwalimu anayeogopa mshahara wake kukatwa hatafungua kabati. Zitoe pia funguo mbili, moja ikae kwa mwalimu wa darasa, na daftari la kutoa na kurudisha lenye safu nne: tarehe, nambari ya kifaa, kiwango cha chaji, kasoro.

Mafundi na walimu wa TEHAMA,
Kisauni, Mombasa