Jumamosi Mida, maji yakitoka

Salamu wazazi na walimu wa klabu ya mazingira. Jumamosi darasa ni Mida Creek, ile hori ya mikoko kule Watamu. Ni bamvua, maji yatakuwa yametoka kabisa kwenye saa nne asubuhi, kwa hivyo tukutane getini saa moja na nusu. Atakayechelewa atatukuta tushaingia matopeni.

Kila mtoto aje na kofia, chupa ya maji, penseli na viatu vikuukuu vya kufunga kamba. Sandali hapana, jamani. Tope la mikoko huzimeza, tukabaki kusaka sandali badala ya kaa.

Wataramba jani la mchu, aina ya mkoko, waonje chumvi ambayo mti wenyewe unaitoa. Kisha watachuchumaa kimya mbele ya mashimo mpaka kaa watoke. Mwenye gando moja kubwa kupita kiasi ndiye dume. Wachore wanachokiona pale, hata kama hakifanani na cha kitabuni. Wazazi mtakaokuja, simu zikae mfukoni. Watoto wakiona skrini, kaa hana wake tena.

Upepo ushageuka kaskazi, basi tutatazama pia wale ndege weupe wenye migongo myeusi wanaokula kaa. Huzaliana pwani za Omani na Ghuba, huku huja kupisha miezi hii.

Masika, Mungu akipenda, tutaingia msitu wa Arabuko-Sokoke kuona vyura wanaotaga kwenye povu juu ya madimbwi.

Fomu za ruhusa nizipate Alhamisi. Bado natafuta wazazi wawili wa kusimamia darasa la nne, mnawajua wale.