Mistari haitoshi kulitambua jiwe

Mhariri,

Naomba nafasi kuhusu kanuni inayorudiwa mno kwenye kurasa za elimu, kwamba mwamba tabaka, yaani uliotokana na vitu vilivyolundikana juu ya ardhi au chini ya maji kisha vikashikamana, hutambulika kwa mistari. Atakayeifuata kanuni hiyo Usambara ataona naisi yenye michirizi myeupe na myeusi, aiite tabaka, kumbe ni mwamba uliogeuzwa na joto na mgandamizo mkubwa chini ya ardhi. Akishuka Mombasa au Unguja atakanyaga jiwe la matumbawe, mara nyingi lisilo na mstari wowote, alikatae, ilhali hilo ndilo mwamba tabaka.

La kuuliza ni chembe zimetoka wapi, na nini kimezishika. Mto unapopungua kasi hutua kokoto kwanza, kisha mchanga, tope mwisho. Mzigo unaoongezeka juu hukamua maji na kuzibana chembe. Baadaye maji yanayopenya katikati yake huacha kalisaiti (madini ya jiwe la chokaa), silika (madini magumu ya mchanga) au oksidi ya chuma, na hiyo ndiyo saruji ya asili. Hatua hii ndiyo husahaulika. Mchanga uliobanwa bila kuunganishwa hupukutika kwa vidole, hata uwe wa kale namna gani.

Miamba ya vipande vya namna hii hupangwa kwa ukubwa wa chembe. Zinazozidi milimita 2 ni changarawe iliyoshikamana. Kati ya 2 na 0.06 hivi ni jiwe mchanga. Chini ya hapo ni mwamba wa tope. Kokoto za mviringo zimesukumwa mbali na maji, zenye ncha kali hazijatoka mbali na chanzo chake. Kwenye tope macho hayasaidii: wanajiolojia husugua chembe kidogo kwenye meno, na zikikwaruza si udongo wa mfinyanzi mtupu.

Miamba mingine haikuanza kama vipande vilivyobebwa na mto. Magadi ya Ziwa Magadi ni chumvi zilizobaki maji yalipokauka. Makaa ya mawe ya Ngaka, kusini mwa Tanzania, ni mimea iliyofukiwa. Matumbawe ya pwani ni miamba ya baharini iliyojengwa na viumbe bahari ilipokuwa juu kuliko leo, sehemu kubwa yake miaka 125,000 hivi iliyopita. Ndiyo yaliyobeba Fort Jesus tangu 1593.

Jiwe la chokaa hupimwa kwa siki. Kwangua jiwe kwanza, kwani siki ni dhaifu, kisha dondoshea kwenye unga na utazame povu. Lakini povu huthibitisha kalisaiti tu, halithibitishi tabaka. Marumaru ya Morogoro hutoa povu vilevile, maana ilikuwa jiwe la chokaa kabla ya kugeuzwa. Vunja kipande, ukiona fuwele zinazometameta kama sukari badala ya makombe ya viumbe wa baharini, ni marumaru. Jiwe mchanga lililoungwa na kalisaiti nalo hudanganya: chembe zake zikikwaruza kioo, ni mchanga. Dolomaiti, jamaa ya jiwe la chokaa yenye magnesiamu, kinyume chake, hukaa kimya isiposagwa.

Kwa anayejenga, mwamba wa tope ndio wa kuogopwa. Ukiwa mkavu hulia kwenye nyundo kama jiwe zuri. Tumbukiza kipande kikavu kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi kikiwa kimemeguka au kuvimba, usimwage zege la msingi juu yake kabla mhandisi hajaupima udongo.

Mwanajiolojia,
Tanga