Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kazi ya Kliniki ya Kifua

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na idadi ya wagonjwa imo katika jedwali la katibu. Mimi nitazungumzia kazi yenyewe ya kupima na kutibu kifua kikuu, hasa pale inapokwama.

Kupima siku hizi si kikwazo kikubwa. Zamani makohozi yalitazamwa kwa hadubini tu, na mgonjwa mwenye bakteria wachache aliweza kurudi nyumbani akiamini hana kitu. Kipimo cha vinasaba, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiidhinisha mwaka 2010, hutoa jibu kwa takriban saa mbili na papo hapo huonyesha kama bakteria ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za ugonjwa huu. Lakini mashine ukiipa kikopo cha mate haina la kukusaidia. Ndiyo maana muuguzi humtoa mgonjwa nje penye hewa, akamwelekeza avute pumzi ndefu na kukohoa kutoka kifuani.

Kazi ngumu huanza mgonjwa anapopata nafuu. Dozi ya kawaida ni miezi 6: miwili ya dawa nne kwa pamoja, kisha minne ya rifampisini na isoniazidi. Wiki chache tu baada ya kuanza, homa za jioni hukoma, jasho la usiku huisha, hamu ya kula hurudi, na mtu anajiona mzima. Hapo ndipo kadi za kunywea dawa zinapoanza kuwa na mapengo. Wengine hushtushwa na mkojo wenye rangi ya chungwa. Hiyo ni rifampisini, haidhuru, ila asipoambiwa mapema ataacha vidonge kimyakimya. Ganzi na kuwaka moto kwa nyayo ni habari nyingine: huletwa na isoniazidi, na vitamini B6 huzuia hali hiyo, kwa hiyo anayelalamika asikilizwe. Macho yakiwa manjano, arudi kliniki siku hiyohiyo.

Wanachama waliojitolea kusimamia unywaji wa dawa wamefanya kazi isiyoonekana. Muuguzi hupitia rejesta. Asiyefika hupigiwa simu, asipopatikana hutembelewa. Nawasihi, tukienda tusivae fulana za chama. Najua baadhi yenu mnazipenda, lakini fulana iliyoandikwa kifua kikuu ikisimama mlangoni kwa mtu, majirani wote wameshajua, na mgonjwa safari ijayo hafungui.

Pengo kubwa lililobaki ni watu wa nyumbani. Mgonjwa akigundulika, wanaoishi naye nao wachunguzwe, tukianza na watoto wa chini ya miaka 5, kwa sababu huugua upesi na ni vigumu kwao kutoa makohozi. Chanjo ya BCG huwakinga zaidi na kifua kikuu kikali, kama kile cha utando wa ubongo. Haimaanishi wako salama kabisa. Asiyeugua hupewa dawa ya kinga, na hapo wazazi huuliza: mtoto anacheza, haumwi, dawa za nini? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba bakteria wanaweza kulala mwilini kimya na kuamka baadaye, na dawa hii huwawahi.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kwamba mwaka ujao fedha za mabango ziwe nauli ya kuwaleta watoto hao kliniki. Mtapiga kura baada ya mweka hazina kusoma hesabu.