Kuvreli yenye pindo inafanya mawimbi inatengenezeka

Bwana Muhariri,

Salamu sana kutoka Bukavu. Niko mama mushonaji hapa Kadutu, nashona makuvreli ya bipande bipande, na naandika ju ya kitu chenye kiliniumiza hii wiki. Mutoto mumoja mwanamuke, mwenye anajifunza kazi mu atelie fulani ya hapa mujini, alikuja kwangu analia, amebeba kuvreli ya bitenge yenye imeisha kabisa, na bosi wake alisha kumuambia atalipa kitambaa yote ju pindo inafanya mawimbi, ukiitandika ku kitanda katikati inalala muzuri lakini pembeni inapanda inashuka kama ziwa siku ya upepo.

Bamoja ba kule atelie balisema kitenge ni ya bei ya chini, bengine balisema mashini imechoka. Mimi nilitandika ile kuvreli chini ku sima, nikachukua metre, nikapima katikati kutoka huku mpaka kule: santimetre 180. Nikapima ukingo wa juu: 186. Basi njo hiyo. Ile santimetre 6 ya zaidi haina fasi ya kulala, inasimama.

Na hiyo 6 haikutoka ku soko, ilitoka ku namna tunafundishaka batoto. Tunabaambia kamata utepe murefu wa pindo, anza kushona ku kona moja, ukifika mwisho kata yenye inabaki. Hata mimi njo vile nilifundishwa, na nilishona vile miaka mingi. Kumbe ukingo wa kuvreli umesha kushikwashikwa na mikono, umelegea, tena bipande bingine bilikatwa mushazari, na mushazari inavutika kuliko yote, na mashini nayo meno ya chini inavuta kitambaa ya chini pale mguu inasukuma ya juu, sasa bitambaa mbili habitembei sawasawa na pindo inakula urefu yenye inataka. Ukikata pindo ku upana wa kitenge inavutika zaidi kuliko ukiikata kufuata urefu, sambamba na ule ukingo wenye haufumuke. Hata ulete waksi ya Uholanzi, kwa ile namna itafanya mawimbi tu.

Yenye inapashwa ni kupima katikati ya kuvreli, na tena mara mbili, kushoto na kuume, mbali kidogo na ukingo, kutafuta wastani ya hivyo vipimo bitatu, alafu kukata pindo zote mbili za kutazamana urefu moja. Unatia pini ku nusu, ku robo na ku mwisho, njo unashona, na upande wenye iko murefu kidogo unauweka chini ku meno ya mashini, yatakula ile zaidi pole pole.

Lakini batu banasema ikisha kuisha haina dawa. Si kweli, na hapa njo nataka basomaji baniskilize muzuri. Kama mawimbi ni kidogo na ni pamba tupu, lowesha kuvreli, itandike chini ku fasi safi, isukume na viganja mpaka pande zote zitoshane na katikati, tia pini, acha ikauke pale pale. Ukipiga pasi, weka na uinue, weka na uinue, usikokote, ju kukokota njo kunaongeza urefu. (Kama ndani muliweka ile pamba ya nailoni, pasi ya moto usiijaribu, itaibandika.)

Kwa ile ya yule mutoto maji haikutosha. Tulifumua biyé, ile utepe mwembamba yenye inafunga ukingo, na wembe, pole pole, uzi kwa uzi. Alafu tukachukua uzi ya nguvu, tukapiga mushono wa mukono mu ukingo, karibu sana na mwisho, fasi biyé itakuja kufunika, tukashika tabaka zote tatu, kitambaa ya juu, pamba ya ndani na kitambaa ya chini. Ukimaliza upande moja unavuta ule uzi huku metre iko pembeni, unavuta mpaka inafika 180, unafunga, alafu unasambaza ile mikunjo na vidole isikusanyike fasi moja. Hapa usikuwe na haraka, mimi na yeye tulikaa saa nzima ku upande moja. Kisha biyé unaikata ku kipimo ya katikati, si ya ukingo, ju ukiifuata ukingo tena unarudia makosa ya kwanza.

Kuna pia makuvreli yenye katikati imeshonwashonwa karibu karibu na pindo ikaachwa wazi. Ile mishono ya katikati inavuta kitambaa inapunguka, pindo inabaki kubwa. Hiyo ongeza mishono ku pindo tu. Na kama zaidi inapita sana, pindo inafumuliwa yote na kukatwa upya, ni kazi nzito lakini kitambaa ni ile ile, hakuna chenye kimeharibika.

Sasa naulizaka mabosi ba maatelie: huyu mutoto analipa nini? Alishona vile mulimufundisha. Kumukata feza ya kitambaa yenye bado iko nzima, yeye mwenye mama yake anauza ndizi ili apate ya kujifunza, ile inaniuma sana. Muachie siku mbili na wembe, mutaona. Na wewe Bwana Muhariri nakuomba uchapishe barua yote, usikate fasi ya vipimo.

Tumemaliza pande mbili. Ya tatu na ya ine tutafanya siku ya posho, na ya mbili za kwanza nilipima jana jioni: 180, na 180 na nusu.

Mama mushonaji,
Kadutu, Bukavu